Nani atatoa uchafu? Kitabu cha choo kikavu kikisomwa Mikelenge



Leo naleta uchambuzi wa kitabu cha choo. Msicheke kwanza. Hapa Kindu, wengi wetu tukishapata diploma, kazi ya kwanza tunayopataga ni ya kuhamasisha watu katika mradi fulani wa maji na usafi. Unapewa kizibao, unapewa karatasi, unapita parseli kwa parseli kuandika nani ana choo na nani hana. Maswali ya ile karatasi hayakuanguka kutoka mbinguni, yametoka katika vitabu. Basi ni haki yetu kuvisoma vitabu hivyo kama tunavyosoma riwaya: vinasema nini, vinanyamazia nini, na vilipokuwa vinaandikwa vilikuwa vinamfikiria mtu gani.

Kitabu chenyewe kinaitwa "Ecological Sanitation". Kilitoka mwaka 1998 kwa fedha za SIDA, shirika la maendeleo la Sweden, na mwaka 2004 kikatoka tena kikiwa kimeongezwa, kwa mkono wa Stockholm Environment Institute. Wahariri wa toleo hilo la pili ni Uno Winblad na Mayling Simpson-Hébert. Msiseme haraka kwamba ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1985 Winblad huyo huyo alitoa kitabu cha "Sanitation Without Water" akiwa pamoja na Wen Kilama, Mtanzania aliyeongoza taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ya nchi yake, NIMR. Kwa hiyo mzizi mmoja wa kitabu hiki uko Afrika ya Mashariki, kwa watu waliojua minyoo yetu, nzi wetu na mvua zetu. Mimi nimekisoma kwenye simu, usiku, nikiwa Mikelenge, na nimekisoma nikiangalia parseli zinazonizunguka. Uchambuzi wangu unatoka hapo.

Hoja ya kitabu ni rahisi na ina nguvu. Kinasema dunia ina tabia mbili za choo, na zote mbili zinaficha tatizo. Moja ni kuchimba shimo na kufunika. Nyingine ni kusukuma kwa maji mpaka mtoni. Zote zinachanganya kinyesi, ambacho kina vijidudu vingi lakini ni kidogo, na mkojo, ambao ni mwingi lakini kwa kawaida una vijidudu vichache. Ukishavichanganya, umepata kitu kingi, chenye maji, chenye harufu, na chenye hatari yote. Dawa yao: usichanganye tangu mwanzo.

Kwa asiyekijua choo chenyewe, hakina shimo. Chini ya sakafu kuna vyumba viwili vya matofali vilivyojengwa juu ya ardhi. Sakafu ina tundu la nyuma kwa kinyesi, na mbele ina bakuli dogo la mkojo. Mkojo unashuka kwa tiyo mpaka kwenye bidoni, au moja kwa moja kwenye shina la mgomba. Kinyesi kinaanguka chumbani, na kila mtu akimaliza anamwaga kikombe cha majivu au cha kitu kingine kikavu. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa, mnahamia cha pili. Cha kwanza kinalala mwaka mzima au zaidi. Halafu mlango wa nyuma unafunguliwa, na kilichobaki, kikiwa kimekauka, kinatolewa kwa beleshi. Watu wengi Afrika ya Mashariki wanakiita ekosani. Kwetu mtaani nimesikia wakikiita choo cha matundu mawili, na naona jina hilo ni zuri kuliko lile la kitaalamu.

Sasa, kwa nini Kindu ingekihitaji? Juu mji wetu umekaa ukingoni mwa Lualaba na mvua yetu si ya mchezo. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo ukichimba leo, kesho linaanza kujaa maji kutoka chini. Mvua kubwa ikija linafurika, na kisima kiko mita chache pembeni, kwa jirani. Kipindupindu kinapenda njia hiyo. Mwaka 2011 kilianzia upande wa Kisangani na kushuka na mto, bandari kwa bandari, mpaka Kinshasa, na mto ule ni huu huu wetu uliobadilishwa jina njiani. Choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, kisichogusa maji ya chini, ni wazo la maana kabisa mahali kama hapa. Ukurasa huo wa kitabu naukubali bila kupunguza neno.

Kitu kingine ninachokisifu ni kwamba kitabu hakijifanyi kimevumbua. Kinatupeleka Vietnam, ambako miaka ya 1950 wizara ya afya ya Kaskazini iliwafundisha wakulima kujenga choo cha vyumba viwili, wamwage majivu, mkojo uende pembeni. Kinatupeleka pia Sana'a, mji wa kale wa Yemen, wenye nyumba ndefu za ghorofa nyingi. Kule kinyesi kilianguka kwenye mfereji wa wima mpaka chumba cha chini, mkojo na maji ya kuchambia vikapita kando na kukaukia kwenye ukuta wa nje kwa jua kali, na kile kikavu kikawa kuni za kuchemshia maji ya hamamu. Waislamu wa Sana'a walitenganisha mkojo na kinyesi karne nyingi kabla ya semina zetu. Nitarudi kwao.

Mpaka hapo niko upande wa kitabu. Lakini kuna mambo manne ambayo, ukikisoma ukiwa Mikelenge, yanakukwama kooni.

La kwanza ni neno. Choo hiki kinaitwa pia choo cha mboji, choo cha mbolea. Neno hilo linaharibu kazi. Mboji ni kitu kinachooza: kinataka unyevu, kinapata joto, kina wadudu wake. Chumba cha choo kikavu kinafanya kinyume: kinakausha. Majivu yanapandisha uchungu wa ile takataka, yaani pH, na ukavu pamoja na muda ndivyo vinaua. Mtu aliyeambiwa "hiki ni choo cha mboji" anafanya jambo la akili: anatupa mle maganda ya mihogo na mabaki ya sombe. Mambo yanaloa, funza wanazaliwa, nzi wanajaa, na mwisho anasema choo kibaya. Choo hakikuwa kibaya, neno ndilo lilimdanganya. Kitabu kinajua tofauti hiyo na kinazieleza njia zote mbili, kukausha na kuozesha. Lakini miradi imechukua neno tamu na kuacha maelezo, na kitabu chenyewe, kwa kusifu sana mbolea, kimewapa ruhusa.

Tena mbolea yenyewe tuiangalie vizuri. Kilicholala chumbani si chakula kikubwa cha shamba. Nitrojeni nyingi tunayotoa inatoka na mkojo. Mtu mmoja anatoa mkojo wa lita 500 hivi kwa mwaka, na kinyesi cha kilo 50 hivi. Kwa mtu anayekula chakula kama chetu, mkojo wa mwaka una nitrojeni ya kilo 2 hivi. Sasa chukua parseli ya watu 15, ambayo Mikelenge si kubwa ya ajabu. Kwa mwaka ni lita 7,500 za mkojo. Ndani yake kuna nitrojeni kilo 30, sawa na mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 na kidogo juu. Yaani ili upate mfuko mmoja na kidogo wa urea, mtu abebe tani saba na nusu za maji yenye harufu. Nani atabeba, na kuyapeleka wapi? Mkulima mwenye shamba nyuma ya nyumba atasema sawa. Mpangaji wa chumba kimoja mjini atakuangalia tu.

La pili ni maji. Picha nyingi za vitabu hivi, na michoro ya mabango yanayoletwa, zina mtu na karatasi. Sisi hapa tuko mji wenye Waislamu wengi, tangu siku za Nyangwe na Kasongo, na hata asiye Mwislamu mara nyingi anajisafisha kwa maji. Kwa Mwislamu, maji si mapendeleo, ni sehemu ya tohara yake kabla ya swala. Sasa unamwambia: hili tundu la kinyesi lisiguse maji, na lile la mkojo lisiguse uchafu. Je, yeye na kopo lake akae wapi? Akichambia juu ya tundu la nyuma, chumba kinaloa. Akichambia juu ya bakuli la mbele, mkojo unachafuka na kubeba vijidudu vilevile tuliosema tunavikimbia.

Jibu lipo, na liko ndani ya kitabu. Huko Kerala, India, Paul Calvert alijenga miaka ya 1990 vyoo vyenye sehemu ya tatu, mahali pa kuchambia peke yake, na maji yale yakapelekwa kwenye kitalu cha mimea kama migomba. Lakini Kerala imewekwa kama mfano mmoja katika mingi. Kwa msomaji wa Kindu, Kerala ndiyo ilitakiwa iwe mlango wa kuingilia: nchi ya mvua nyingi, watu wa kutumia maji, maji ya ardhini yaliyo karibu. Sana'a inatupa heshima, kwamba watu wa dini yetu waliweza. Lakini haiwezi kutupa mchoro, juu Sana'a ni kukavu, na ukuta wetu haukaukagi hata nguo wiki ya mvua. Anayechukua mchoro wa nchi kavu na kuujenga Mikelenge bila sehemu ya tatu, amejenga stoo ya makala. Naijua parseli moja ambako ndivyo ilivyokuwa.

La tatu ni tumbo. Kitabu kimeandikwa kwa tumbo lenye afya. Choo kikavu kinapendekezwa hasa mahali penye kipindupindu, lakini mgonjwa wa kipindupindu hatoi kinyesi, anatoa maji, tena lita nyingi kwa siku moja. Mwache atumie choo hiki siku mbili tu, chumba kimeloa, majivu yamekuwa tope, na mkojo wa mbele umechanganyika. Siku hizo choo kikavu hakifai kwa huyo mgonjwa: anatakiwa ndoo yake, dawa ya klorini, na safari ya haraka kwenda kituo cha matibabu. Jambo hilo linatakiwa liandikwe kwa herufi kubwa mlangoni. Hata kuhara kwa kawaida kwa mtoto kunataka majivu mara mbili au tatu zaidi. Na mtoto mwenyewe, miguu mifupi, hafiki kwenye matundu yaliyopimwa kwa mtu mzima. Usipomtengenezea kibao chake, atakosea kila siku na atapigwa kila siku kwa kosa la fundi.

Hapa niweke na sheria za muda, juu watu wanazipunguza kwa haraka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, linataka kinyesi kilichokauka kilale zaidi ya mwaka 1 katika nchi za joto kama yetu kabla ya kuguswa shambani. Kama mmetumia majivu au chokaa vya kutosha mpaka pH ikapita 9, inaweza kuwa zaidi ya miezi 6. Adui mgumu ni mayai ya minyoo, hasa askaris. Wale wa Vietnam mwanzoni waliambiwa miezi miwili inatosha, na haitoshi. Mkojo uliokusanywa kwa watu wengi ulale bidoni iliyofungwa, mwezi 1 kwa mazao ya kupikwa, miezi 6 kwa ya kuliwa mabichi. Familia moja inayotumia mkojo wake kwenye bustani yake inaweza kutongoja, ila iache mwezi mzima kati ya kumwagilia na kuvuna. Lengalenga linalokatwa kila wiki halingoji mwezi. Mgomba unangoja. Ndiyo maana mimi nasema, mjini, mkojo uende kwenye mgomba, siyo kwenye mboga.

La nne, na hili ndilo kubwa, ni kwamba kitabu kinafikiria familia. Baba, mama, watoto, bustani. Parseli zetu nyingi si hivyo. Kuna mwenye parseli, kuna wapangaji watatu au wanne, kuna mwanafunzi wa chuo aliyekuja mwezi uliopita, kuna wageni wa kilio. Wote wanaingia choo kimoja. Rudi kwenye hesabu yetu ya watu 15: wakiwa wote nyumbani, bidoni ya lita 20 inajaa kila siku. Ukisema ilale mwezi 1, unatafuta mahali pa kuweka bidoni 30. Bidoni kwetu ni chombo cha maji na cha mafuta ya ngazi, kina thamani. Majivu nayo: kila mtu mara moja kwa siku, kikombe cha robo lita, ni karibu lita 4 kwa siku, zaidi ya lita 1,300 kwa mwaka. Mbabula za makala haziwezi kutoa majivu hayo. Tungepungukiwa mwezi wa kwanza.

Kwa hili Kindu tuna bahati: makapi ya mpunga. Maniema ni nchi ya mchele, na kila mashine ya kukoboa inaacha mlima wa makapi ambao mara nyingi unachomwa tu. Makapi yanafyonza unyevu vizuri. Hayapandishi pH kama majivu, kwa hiyo yachanganywe na majivu au chokaa, na ngojeni mwaka mzima, siyo nusu. Unga wa mbao kutoka kwa maseremala unafanya kazi hiyo hiyo. Hata bakuli la mkojo si lazima liagizwe mbali: bidoni ndogo ya plastiki iliyokatwa kwa mshazari inatosha, mradi tiyo iwe na mteremko, isiwe ya chuma, na ncha yake ishuke karibu na chini ya bidoni ya kupokelea ili harufu ya amonia isirudi juu. Tiyo ikianza kuziba ni yale mawe meupe ya mkojo. Maji ya moto na siki mara kwa mara yanasaidia kabla hayajakomaa.

Lakini vifaa si shida. Tunarudi kwenye swali la kichwa cha habari. Mama mmoja mwenye parseli, ambaye mradi mmoja ulimwachia choo cha namna hii, nilimuuliza: "Mama, mbona mmeacha kukitumia?" Alinijibu bila hasira: "Mwanangu, siku ya kukifungua walikuja watu wengi na picha wakapiga. Siku ya kutoa uchafu nilibaki mimi na ndoo. Wapangaji wakaniambia, mama, sisi tunalipa nyumba, hatulipi kutoa mavi ya watu."

Hilo ndilo pengo. Choo cha shimo kinaficha kazi kwa miaka kumi, halafu unachimba kingine. Choo kikavu kinakuletea kazi kila siku na kila mwaka: kumwaga majivu, kusawazisha lundo kwa fimbo, kubadilisha bidoni, kufunga chumba, kufungua chumba. Kazi hizo katika nyumba zetu zina mwenyewe hata kabla hatujauliza, naye ni msichana wa nyumba. Kitabu kinatumia neno "kaya", na neno hilo linafunika nani ndani ya kaya anashika beleshi.

Mifano miwili ya Afrika inatuonyesha uzito wa jambo hili. Manispaa ya eThekwini, yaani Durban, Afrika Kusini, baada ya kipindupindu cha mwaka 2000 na 2001, ilijenga zaidi ya vyoo 80,000 vya kutenganisha mkojo pembezoni mwa mji, bila malipo. Kazi ya kutoa ikaachiwa familia. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba baadaye walikuta watu wengi hawajaridhika. Walilalamikia harufu, walichukia kazi ya kutoa, ile mbolea wengi hawakuitumia, na wengi walikiona ni choo cha maskini cha kungojea kile cha maji. Fedha zilikuwepo, mafundi walikuwepo, choo kilijengwa sawa. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali beleshi.

Mfano wa pili ni Nairobi, mtaa wa Mukuru, ambako kampuni ya Sanergy ilianza mwaka 2011 na vyoo vya Fresh Life. Navyo vinatenganisha mkojo. Lakini kule hakuna anayeambiwa atoe. Chini ya choo kuna vyombo, mfanyakazi anapita, anachukua vilivyojaa na kuacha vitupu, na uchafu unaenda kiwandani kuozeshwa kwa moto wake au kulisha funza wanaokuwa chakula cha mifugo. Anayeingia analipa kidogo, au mwenye nyumba analipa. Mtu atasema kampuni ile ina wafadhili na sisi hatuna. Ni kweli. Simsifu mwenye kampuni, nasifu swali lililoulizwa mapema: nani atatoa, na atalipwa na nani?

Kuwa na haki kwa kitabu: wahariri wanaonya wenyewe kwamba choo hiki hakinakiliwi bila kueleweka, na wana kurasa za mafunzo na ufuatiliaji. Hawakusahau matunzo. Ila wameyaweka baada ya ujenzi, kama vile choo ni kitu na matunzo ni nyongeza. Mimi nikisoma hapa naona kinyume. Matunzo ndiyo choo chenyewe, na matofali ni nyumba yake tu. Kama kitabu kingeandikwa kuanzia mlango wa nyuma, siku ya kufungua chumba, kurudi mpaka siku ya kumwaga simenti, kingekuwa kitabu kingine, na huenda yule mama angekuwa bado na choo.

Hukumu yangu basi: kisomeni, ni kitabu kizuri cha kufungua kichwa, na kwa mji wa maji kama wetu wazo lake la kuinua choo juu ya ardhi ni sahihi. Lakini msikibebe kama mwongozo wa kazi Mikelenge. Kwa familia yenye bustani pembezoni mwa mji, choo hiki kinafaa leo, kikiwa na sehemu ya tatu ya kuchambia na migomba ya kunywa mkojo. Kwa parseli ya wapangaji, hakifai mpaka kuwe na mtu wa kutoa, anayejulikana kwa jina, mwenye buti na glavu, na malipo yake yakiwa ndani ya kodi ya nyumba. Vijana watano na pusupusu moja wanaweza kuanza hiyo kazi kwa parseli chache. Ni kazi chafu, lakini ni kazi, na diploma haizuii kuiongoza.

Na sisi tunaoshika karatasi ya kuhesabu, tuongeze maswali kabla ya simenti. Watu wa hapa wanachamba kwa nini? Majivu yatatoka wapi mwezi wa sita, na mwezi wa kumi na mbili? Mtoto atakaa wapi? Mgonjwa wa kuhara atatumia nini? Nani atafungua chumba, tarehe gani, na atalipwa na nani? Parseli isiyo na jibu la swali la mwisho isijengewe, hata kama takwimu ya mradi itapungua na mkubwa akakasirika.

Kitabu hicho hatuna kwa Kiswahili cha hapa, chenye makapi ya mpunga ndani yake, na kopo la maji, na mpangaji, na mgomba. Aliyesoma kilimo ana nusu ya maarifa, aliyesoma afya ana nusu, na fundi matofali wa mtaani ana ile nusu ya tatu ambayo sisi hatujafundishwa. Mwenye nia aniandikie. Tunaweza kuanza na kurasa kumi, na ukurasa wa kwanza uwe ule wa mlango wa nyuma.